Kasongo–Kabambare: njia ya miguu iliyoandika historia, lakini haimo kwenye orodha yoyote

Kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kuna zaidi ya kilomita 100. Lakini ukimuuliza mtu anayetembea kwa miguu, hatakutajia kilomita. Atakuambia atalala njiani mara ngapi. Anayesukuma kinga iliyopakiwa bidoni za mawese naye atakuhesabia mito na milima, kwa sababu huko ndiko nguvu zinakoisha.

Nchi yenyewe ni ya majani marefu na vilima, na kila bonde lenye kijito lina ukanda wa pori. Kiangazi, mnamo mwezi wa sita hadi wa nane, majani huchomwa na njia huonekana toka mbali. Mvua zikirudi, majani hufunga juu ya kichwa, udongo huteleza, na kijito kilichovukwa kwa hatua mbili hugeuka mto wa kusubiri. Msafiri anayeijua njia hii huondoka alfajiri, hukubali kulowa umande, na hupumzika jua linapokuwa kali. Wazee husema mwenda pole hajikwai.

Njia hii haikuanza jana. Katika karne ya 19 ilikuwa sehemu ya barabara kuu ya misafara kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji. Hapo ilivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi hadi Mtowa, karibu na Kalemie ya leo, kisha ikapanda milima na kushuka hadi Kabambare. Toka Kabambare iliendelea magharibi, upande wa mto Luama na Lualaba, hadi Kasongo na Nyangwe.

Mwingereza David Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi wa tisa 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimfungia ndani ya nyumba huko kwa siku zipatazo 80. Mtu aliyekuwa amevuka nusu ya Afrika kwa miguu alishindwa kwenda hata kijiji cha pili. Alipopata nafuu aliendelea hadi Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Waliokufa walikuwa mamia. Wengi wao walikuwa mama waliotoka vijiji vya karibu na bidhaa zao, kama wanavyofanya mama wa leo siku ya soko.

Miaka mitano baadaye, mwezi wa kumi 1876, Henry Morton Stanley alipita Kabambare, akafuata mto Luama hadi unapoingia Lualaba. Karibu na Kasongo alikutana na Hamed bin Muhammed, anayejulikana kama Tippu Tip, tajiri wa pembe za ndovu. Wawili hao walipatana kusindikizana kwa dola 5,000. Mapatano yao hayakupimwa kwa maili. Yalipimwa kwa safari 60, kila safari saa nne za kutembea. Hata mkataba wa matajiri, hapa Maniema, uliandikwa kwa kipimo cha miguu.

Miguu iliyofanya kazi kubwa, hata hivyo, haikuwa ya Livingstone wala ya Stanley. Ilikuwa ya wapagazi, Wanyamwezi wa upande wa Tabora na wengine waliochukuliwa humu humu Maniema, waliobeba nguo, shanga na baruti wakija, na pembe za ndovu wakirudi. Ilikuwa pia ya watumwa waliofungwa pamoja, ambao wengi hawakufika. Kwa hiyo anayeitembea njia hii leo anakanyaga mahali penye biashara, penye dini iliyofika na kubaki, na penye makaburi yasiyo na alama.

Njia hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili katika Maniema. Kasongo iligeuka makao makuu ya Tippu Tip, yenye mashamba makubwa. Mganga Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia mjini pamoja na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, aliyasimulia mashamba hayo katika kitabu alichotoa mwaka 1897. Majeshi hayo, chini ya Dhanis, yalichukua Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Mji wa zamani ulibaki na jina la Tongoni. Kwa Kiswahili, tongo ni mahali palipohamwa na watu.

Halafu reli ikaja na kupita kando. Sehemu ya Kongolo hadi Kindu, iliyoanza kazi mwaka 1911, ilifuata ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Kasongo na Kabambare zikabaki upande wa pili wa mto. Barabara za magari zilifunguliwa baadaye, lakini mvua na ukosefu wa matengenezo ziliziharibu, na watu wakarudi kwenye kipimo cha zamani.

Anayelipa gharama kubwa ni mgonjwa. Kasongo yenyewe ina jina katika tiba duniani kwa sababu hiyo. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilisaidia hapa mradi uliosogeza vituo vidogo vya afya karibu na vijiji, huku hospitali kubwa ikiwapokea tu wale walioshindikana huko. Fikra hiyo ilichangia mfumo wa zone za afya unaotumiwa leo katika Kongo nzima. Msingi wake unaeleweka na kila mama: huduma iliyo mbali kuliko miguu inavyoweza kwenda ni sawa na huduma isiyokuwepo. Lakini kituo kikishindwa, safari ya hospitali inabaki pale pale, na mama mwenye uchungu hubebwa kwa kipoyi mabegani mwa vijana.

Usalama ni jambo lingine. Sehemu za Kabambare, hasa Salamabila penye mgodi wa dhahabu wa Namoya, zimeteseka kwa makundi yenye silaha, likiwemo la Mai-Mai Malaika. Katika Kivu zote mbili, jirani na Maniema, watafiti wa shirika la IPIS walihesabu barieri 798 katika ripoti yao ya mwaka 2017, nyingi zikitoza wapita njia. Kila penye barieri, mwenye kitunga cha samaki wakavu anapunguza faida, au anaacha njia na kuingia porini.

Haki ya kupita si jambo la Kongo peke yake. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wafanyakazi wa Uingereza walitoka kijiji cha Hayfield, wakapita kando ya bwawa la maji na kupanda nyanda za juu za Kinder Scout, ambazo matajiri walizifunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano walitiwa jela. Lakini mwaka 1949 sheria ya mbuga za taifa na njia za miguu ilipitishwa, na mwaka 1965 njia ya Pennine Way, yenye zaidi ya kilomita 400, ilifunguliwa kwa kila mtu. Huko watu hutembea kwa kupumzika. Hapa wanatembea ili wale. Swali ni lile lile: njia ni ya nani?

Tanzania imekwisha kujibu kwa upande wake. Tangu mwaka 2006 njia ya misafara ya pembe na watumwa, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, imo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Orodha hiyo inasimama ukingoni mwa ziwa, ingawa misafara haikusimama hapo. Kongo ina mahali pa urithi wa dunia patano, Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi, na pote ni pa wanyama na misitu. Hakuna hata pamoja panaposimulia historia ya watu wake.

Kabla ya orodha yoyote, kuna kazi ambazo haziwezi kungoja. Madaraja ya miti yanaweza kutengenezwa kwa salongo kila mwisho wa kiangazi. Barieri zisizo za sheria zinaweza kuondolewa na wenye mamlaka. Wanafunzi wa Kasongo na Kabambare wanaweza kuandika majina ya vituo vya zamani na habari zake toka kwa wazee. Nyumba hubomoka na reli huota kutu, lakini njia ya miguu hudumu kadiri inavyokanyagwa. Hii imekanyagwa zaidi ya miaka 150, na wanaoikanyaga leo wanahitaji kwanza wafike salama.