Damu ya kitovu na hatari zinazojificha wakati wa ujauzito

Mtoto anapozaliwa katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, kondo la nyuma na kipande cha kitovu huwa ni vitu vya kutupwa au kuzikwa. Kumbe ndani yake mna habari muhimu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kitovu kibanwe baada ya dakika 1 hadi 3, ili mtoto apate damu yake. Kikishakatwa, damu inayosalia upande wa kondo inaweza kuvutwa kwa sindano bila kumuumiza mama wala mtoto.

Damu hiyo ni ya mtoto. Mwili unapopambana na vijidudu, chembe nyeupe hutoa kemikali iitwayo interleukini-6, nayo huliamsha ini kutengeneza protini ya CRP. Zote mbili hazivuki kondo kwa urahisi. Zikiwa nyingi kwenye damu ya kitovu, huenda mtoto alianza kupambana angali tumboni. Mara nyingi vijidudu hupanda kutoka ukeni, hasa chupa ikipasuka mapema au uchungu ukikwama kwa saa nyingi. Mtoto kama huyo anaweza kuzaliwa njiti au kuugua vibaya siku za mwanzo.

Malaria nayo huamsha mapambano kama hayo. Vimelea vya Plasmodium falciparum hung'ang'ania kwenye kondo, chembe nyeupe hujazana hapo, na chakula cha mtoto hupungua. Mama anaweza asihisi homa kabisa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Tororo, si mbali na Mbale, dalili za malaria zilionekana kwenye kondo la asilimia 50 ya wanawake waliokuwa wakimeza Fansida, dawa ya kuzuia malaria.

Hata hivyo, kipimo cha kitovu huja mtoto akiwa ameshazaliwa. Kinga ni ya kabla. Mama mjamzito, anza kliniki mapema, lala ndani ya chandarua chenye dawa, na meza Fansida mbele ya mhudumu kila unapopewa. WHO inataka angalau dozi 3. Ukipata homa, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, au maji yakitoka kabla ya uchungu, usingoje kupambazuke: nenda kituo cha afya saa hiyohiyo.