Kupiga gofu: acha nyonga zizunguke

Hebu fanya jambo moja hapo ulipo. Kaa kwenye kiti, miguu yote miwili sakafuni, magoti yamebanana. Kunja mikono kifuani. Sasa geuka kulia mpaka mwisho wako bila kunyanyua makalio. Umefika wapi? Wengi mtaishia nusu ya njia, kati ya mbele na kulia. Haya, simama, tenganisha miguu kwa upana wa mabega, ugeuke tena, safari hii ukiacha nyonga zifuate. Si umeona? Sasa unaweza kumtazama hata yule anayekaa nyuma yako.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mchezaji wa gofu ataumia kiuno au hataumia.

Najua utasema, "Mimi na gofu wapi na wapi? Huo si mchezo wa wakubwa?" Ngoja kwanza. Nenda kwenye viwanja vya gofu vya Nairobi, Dar es Salaam au Arusha uone nani wanabeba mifuko ya fimbo. Wengi ni vijana. Na kijana akipata fimbo ya zamani mkononi, mwalimu wake wa kwanza ni televisheni. Anaiga anachokiona. Hapo kwenye kuiga ndipo kiuno kinapoponzwa.

Twende kwenye hesabu

Mchezaji anayetumia mkono wa kulia, kabla ya kupiga, huivuta fimbo nyuma huku akigeukia kulia, mpaka mgongo wake utazame kule anakotaka mpira uende. Walimu wengi hufundisha kwamba fimbo ikifika juu kabisa, mabega yawe yamegeuka kama nyuzi 90, na nyonga nusu yake, nyuzi 45.

Sasa hizo 90 zinatoka wapi? Kwa Kiswahili tunasema "zungusha kiuno", kana kwamba kiuno ndicho kinachozunguka. Kumbe kiuno ni kigumu sana kwa kazi hiyo! Sehemu ya chini ya uti wa mgongo ina pingili 5, nene na kubwa, na viungo vidogo vilivyo nyuma yake vimekaa kwa namna ya kuzuia msokoto. Kazi yake ni kubeba uzito, kuinama na kuinuka. Zote 5 kwa pamoja hazifikishi hata nyuzi 15 kwa upande mmoja. Juu yake ziko pingili 12 zilizoshikana na mbavu. Hizo zina uhuru zaidi, kama nyuzi 30 hadi 35.

Jumlisha mwenyewe: 10 za kiuno na 35 za kifua ni 45. Ndiyo maana kwenye kiti uliishia nusu ya njia. Mabega yanaweza kuteleza kidogo juu ya mbavu, lakini 45 zilizobaki karibu zote ni deni la nyonga. Na nyonga zinaliweza deni hilo. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, kimekaa ndani ya kikombe cha mfupa. Kiungo cha namna hiyo kimeumbwa kuzunguka.

Ukizibana nyonga ziishie nyuzi 20 na bado unataka mabega yafike 90, zile 25 zinazopungua utazitoa wapi? Utazikamua kwenye kiuno. Halafu fimbo inarudi chini kwa kasi. Vipimo vya kitaalamu vimeonyesha kwamba wakati huo pingili za chini hubanwa kwa nguvu inayofikia mara 8 ya uzito wa mwili. Kwa kijana wa kilo 55 hiyo ni kama kilo 440. Mara ngapi kwa siku moja ya mazoezi? Mia? Mia mbili?

Mambo ya herufi X

Wazo la kubana nyonga halikutoka hewani. Mwaka 1992 mwalimu wa Marekani, Jim McLean, aliandika katika jarida la Golf Magazine kwamba wapigaji wa mbali wana pengo kubwa kati ya mabega na nyonga. Ukimtazama mchezaji kutoka juu, mstari wa mabega na mstari wa nyonga unakatana kama herufi X. Pengo likiwa kubwa, misuli inavutika kama mpira wa manati. Hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba wengi walisikia "bana nyonga" tu, wakasahau kwamba wachezaji wale wana vifua laini na wanafanya mazoezi ya viungo kila siku.

Jack Nicklaus, aliyeshinda mashindano makubwa 18 kati ya 1962 na 1986, aliacha nyonga zake zigeuke sana, mpaka kisigino cha kushoto kikanyanyuka. Ushindi wake wa mwisho kati ya hayo aliupata akiwa na miaka 46. Tusidanganyane, naye hakukosa maumivu: mwaka 1999 aliwekewa kiungo cha nyonga cha bandia. Tiger Woods alipasuliwa mgongo mara kadhaa kuanzia 2014, na mwaka 2017 pingili zake mbili za chini ziliunganishwa. Alirudi na kushinda Masters mwaka 2019. Sababu za mgongo kuharibika ni nyingi, lakini yeye alikuwa na madaktari. Wewe una nani?

Jaribu hivi

Simama ukipa mgongo ukuta, makalio yakiwa mbali nao kwa upana wa vidole vitatu. Inama kidogo kama anayepiga mpira, kisha geuka kulia. Kalio la kulia liguse ukuta. Likienda pembeni bila kugusa, hujageuka, umeyumba tu. Goti la kushoto liache lisogee ndani, na la kulia linyooke kidogo bila kukakamaa. Bado nyonga ni ngumu? Elekeza vidole vya mguu wa kulia nje kidogo, na uache kisigino cha kushoto kinyanyuke. Hamna aibu yoyote.

Ukitaka kuiona ile X, pitisha rula ndefu kwenye vitanzi vya mkanda wa suruali au sketi, na ushike ufagio juu ya mabega. Rafiki atazame.

Kurusha tufe au kupakia matofali kwenye gari kuna hatari ileile. Geuza na miguu.

Kiuno kikianza kuuma

Maumivu ya misuli baada ya mazoezi huisha kwa siku chache. Lakini maumivu ya kiuno, hasa ya upande mmoja, yanayozidi ukijipinda kwenda nyuma na kurudi kila unapocheza, yasipuuzwe. Kwa vijana ambao bado wanakua, pingili inaweza kupata ufa mdogo kwa kusokotwa mara nyingi. Ukiwahiwa, mara nyingi hupona kwa kupumzika miezi michache. Usimeze dawa za maumivu za dukani ili uendelee kucheza, maana dawa inanyamazisha maumivu na ufa unaendelea. Yakizidi wiki mbili nenda hospitali, na umwambie daktari unacheza nini na mara ngapi, kwa sababu eksirei ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Miguu ikifa ganzi, au mkojo ukikutoka bila kujua, nenda siku hiyohiyo.

Na wewe unayetumia mkono wa kushoto, kila niliposema kulia soma kushoto.