Kuunganisha Kabla ya Gundi

Modeli za plastiki za skeli, yaani nakala ndogo za ndege, vifaru, meli na magari zinazoundwa kwa kupunguza vipimo vya kitu halisi kwa uwiano maalumu, huuzwa zikiwa vipande makumi au hata mamia vilivyoshikamana na fremu, pamoja na karatasi ya maelekezo inayoonyesha kwa michoro kipande kipi kiungwe na kipi. Karatasi hiyo kwa kawaida huruka hatua ambayo waundaji wazoefu huiona kuwa ndiyo kazi yenyewe: kushikiza vipande pamoja kwa muda, bila gundi, ili kuona kama vinakaa mahali pake, kisha kuvitenganisha, kuvirekebisha na kuvijaribu tena. Hatua hiyo, ambayo hapa itaitwa uungaji mkavu, si ngeni kwa seremala, ambaye naye hapaki gundi kwenye ungio la kiti kabla ya kuliingiza na kulichomoa likiwa kavu.

Sababu ya kwanza ya tahadhari hiyo imo ndani ya gundi. Modeli nyingi hutengenezwa kwa polistireni, plastiki nyepesi inayoyeyuka kirahisi ikiguswa na vimiminika fulani, na gundi yake ya kawaida ina kiyeyushi ambacho hulainisha nyuso mbili zinazogusana hadi zikachanganyika, kisha chenyewe kikavukiza na kuacha kitu kimoja kigumu. Kwa hiyo kinachofanyika kinakaribia zaidi kuchomelea kuliko kubandika, na ungio lililokwisha kukauka mara nyingi halitengani tena ila kwa msumeno au kwa kuvunjika. Sianoakrilati, gundi ya papo kwa papo inayojulikana madukani kama supagluu, nayo hushika ndani ya sekunde chache, muda usiomtosha mtu kugundua kwamba bawa limeinama.

Sababu ya pili ni kwamba vipande havitoki kiwandani vikiwa kamili. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma, nayo ikipoa husinyaa kwa kiasi kisichofika asilimia moja. Mtengenezaji wa kalibu huyaweka hayo katika hesabu zake, lakini asichoweza kukidhibiti kikamilifu ni usinyaaji usio sawa, kwa kuwa sehemu nene hupoa polepole kuliko nyembamba, ikaacha vishimo juu ya uso, huku kipande kirefu chembamba kikipinda. Kalibu zikichakaa, plastiki hupenya kwenye maungio yake na kuacha kandokando ya kipande utando mwembamba usiotakiwa. Airfix ya Uingereza, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1939 na kutoa modeli yake ya kwanza ya ndege ya Spitfire mwaka 1953, iliendelea kutumia nyingi katika kalibu zake za zamani kwa miongo kadhaa, na anayenunua toleo la mwisho la kalibu ya namna hiyo hana budi kunoa kisu chake. Tamiya ya Shizuoka, Japani, iliyoanza mwaka 1946 kama kampuni ya mbao, imejijengea sifa ya vipande vinavyokaa bila ubishi, lakini hata hivyo vinahitaji kujaribiwa. Modeli za resini, ambazo humiminwa kwa idadi ndogo katika kalibu laini za silikoni, mara nyingi hazina hata vijiti na vitundu vya kuonyesha mahali pa kuungia.

Kasoro hizo ni ndogo kwa jicho, ila skeli huzikuza. Katika skeli ya 1:72, ambamo kila milimita moja ya modeli husimama badala ya milimita 72 za ndege yenyewe, Spitfire yenye upana wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha ya mabawa huwa na sentimita 15.6 tu, na mwanya wa nusu milimita kati ya bawa na kiwiliwili hugeuka kuwa ufa wa sentimita 3.6, ambao hakuna fundi angeruhusu ndege iruke nao.

Vifaa vya kushikizia ni vya bei nafuu: utepe wa karatasi wa wapaka rangi, mipira ya kufungia noti, vibanio vya nguo na ule udongo laini wa kubandikia mabango ukutani. Kabla ya kuvitumia, kipande hukatwa kutoka kwenye fremu na kibaki cha plastiki kinachosalia kwenye alama ya mkato husawazishwa kwa msasa au tupa, kwani kibaki cha ukubwa wa punje ya mchanga hutosha kuzuia nyuso mbili zisikutane, na mtu akalaumu kiwanda kwa kosa la kisu chake.

Mahali panapofaa kutumia muda mwingi ni kiwiliwili cha ndege, ambacho kwa kawaida huja katika nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, zikifunga katikati yake chumba cha rubani. Nusu hizo zikijaribiwa tupu hufunga vizuri, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu sakafu ya chumba cha rubani ikizidi upana kwa unene wa karatasi chache, nusu hizo hufunguka, kiwiliwili kinatanuka, na mabawa yaliyokusudiwa kukaa kandoni mwake hayapati tena nafasi. Kosa la hatua ya 2 hujitokeza katika hatua ya 9, wakati gundi imekwisha kukauka. Kwa hiyo mwundaji makini hukusanya kwa utepe chumba, kiwiliwili na mabawa kwa pamoja, hata kama maelekezo yanavitenga kwa kurasa kadhaa.

Utepe wenyewe una hila. Ukivutwa sana hufunga mwanya wowote, na ungio lililofungwa kwa nguvu hubaki na mvutano ndani yake, likaweza kupasuka wiki kadhaa baadaye, rangi ikiwa juu yake. Kipimo cha haki ni kulegeza utepe na kutazama: vipande vikibaki vimegusana, viko tayari; vikiachana, dawa ni tupa au kijipande cha plastiki cha kujazia, wala si kuongeza utepe. Kwa mabawa, hata hivyo, utepe uliovutwa kutoka ncha moja hadi nyingine juu ya kiwiliwili una kazi halali, kwani huyainua hadi kwenye mwinamo wake, ambao kwa Spitfire ni takriban nyuzi 6, na wakati huohuo huweza kuufunga mwanya wa pale yanapoungana na kiwiliwili.

Ndege zenye gurudumu la mbele, kama B-25 Mitchell ya Marekani, hudai jaribio jingine, kwa sababu modeli zake hupenda kuketi kwa mkia. Ikishikizwa kwa utepe na kuegemezwa pale magurudumu ya nyuma yatakapokuwa, modeli humwonyesha mwundaji uzito anaopaswa kuuficha puani kabla kiwiliwili hakijafungwa.

Rangi nayo ina unene, na kijiti kilichoingia vizuri kwenye tundu lake kikiwa kitupu huweza kukwama baada ya kupakwa, hivyo sehemu za maungio hukwanguliwa na kujaribiwa upya. Kioo cha chumba cha rubani hufungwa mwisho, lakini hujaribiwa mapema, kiti na usukani vikiwa ndani, kwa kuwa vichwa vya viti vilivyozidi urefu hukiinua. Supagluu haifai hapo, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu; gundi nyeupe ya maseremala hukauka ikiwa angavu na huoshwa kwa maji, kwa hiyo hutumika pia kukishikiza kioo hicho kwa muda wakati kiwiliwili kinapopakwa rangi.