Mwajiri Ndiye Athibitishe: Vazi la Dini na Kanuni za Kazi

Mwaka 2008, katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, msichana Mwislamu wa miaka 17 aliomba kazi ya uuzaji katika duka la nguo la kampuni ya Abercrombie & Fitch. Alikwenda kwenye usaili akiwa amejifunga mtandio mweusi. Meneja msaidizi aliyemsaili alimpa alama za kutosha kuajiriwa, kisha akaingiwa na wasiwasi, kwa kuwa kanuni za mwonekano za kampuni zilikataza wauzaji kuvaa kofia. Akamuuliza mkubwa wake, na hakumficha kwamba anadhani binti yule hujifunika kwa sababu ya dini yake. Mkubwa akajibu kwamba mtandio ni marufuku kama kofia nyingine yoyote, uwe wa dini au usiwe. Msichana akakosa kazi, ilhali katika usaili wote hakuna aliyeutaja mtandio, si yeye wala aliyemsaili.

Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki sawa kazini ilifungua kesi kwa ajili yake mwaka 2009. Akashinda katika mahakama ya mwanzo na kupewa fidia ya dola 20,000, lakini mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikautengua ushindi huo kwa hoja kwamba hakumwarifu mwajiri kuwa anahitaji ruhusa ya kidini. Tarehe 1 Juni 2015 Mahakama ya Juu, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ikaikataa hoja hiyo. Jaji Antonin Scalia, ambaye hakuna aliyepata kumhesabu miongoni mwa waliberali, aliandika kwamba mwajiri akimnyima mtu kazi ili kukwepa kumruhusu kutimiza ibada yake, amevunja sheria hata kama hakuwa na uhakika wa dini ya mtu huyo. Akaongeza jambo zito zaidi: sheria ya nchi ile haimtaki mwajiri awatazame wote kwa jicho moja tu, bali inaipa ibada ulinzi wa pekee, na kanuni isiyolenga dini yoyote hulazimika kuipisha.

Wengi hukwazwa na maneno hayo, na ukwazo wao nauelewa. Je, haki si kuwatendea watu wote sawa? Kama kofia imekatazwa, basi imekatazwa. Lakini tuangalie kanuni hiyo inafanya nini ikishafika kwa watu. Kijana anayependa kofia ya mchezo wa besiboli huivua mlangoni asubuhi na kuivaa jioni, wala hakuna alichopoteza. Msingasinga aliyeapa kutokata nywele zake na kuzifunga kilemba, Myahudi anayefunika utosi mbele ya Mungu wake, mwanamke Mwislamu anayeamini kuwa nywele zake si za kuonwa na wanaume wa kando, hao hawaambiwi wabadili mtindo. Wanaambiwa wachague kati ya mshahara na wajibu wao kwa Mungu. Na aliye na dini isiyo na vazi maalumu, au asiye na dini kabisa, anaweza kufanya kazi miaka thelathini chini ya kanuni ile ile bila kujua kuwa ipo. Maneno ni mamoja, mzigo si mmoja. Kwa sababu hiyo naamini kwamba anayeiweka kanuni ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa kazi yenyewe inaihitaji. Si haki anayeumizwa nayo aachiwe kazi ya kuthibitisha kwamba anastahili kuhurumiwa.

Kipimo hicho, yaani mahitaji ya kazi yenyewe, kilionekana vizuri mjini Strasbourg mwezi Januari 2013, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoamua kwa pamoja mashauri ya wanawake wawili Wakristo kutoka Uingereza. Wa kwanza alikuwa mhudumu wa abiria wa shirika la ndege la British Airways, aliyerudishwa nyumbani bila mshahara mwaka 2006 kwa kuvaa msalaba mdogo ulioonekana juu ya sare. Shirika lilisema linalinda sura yake mbele ya wateja. Mahakama haikuidharau hoja hiyo, ila iliona imepewa uzito kupita kiasi: msalaba ulikuwa mdogo, wafanyakazi wengine walikuwa tayari wameruhusiwa vilemba na hijabu bila jina la shirika kuharibika, na baada ya miezi michache tu shirika lenyewe lilibadili kanuni na kuruhusu msalaba. Huyo alishinda. Wa pili alikuwa muuguzi katika wodi ya wazee, aliyevaa msalaba kwenye mkufu. Hospitali ilieleza kuwa mgonjwa aliyechanganyikiwa anaweza kuuvuta mkufu akajidhuru au akamdhuru muuguzi, na kwamba msalaba unaoning'inia unaweza kugusa kidonda. Ikapendekeza aubane kama bruchi kwenye nguo, au auvae ndani ya fulana yenye shingo ndefu. Huyo alishindwa. Msalaba ni ule ule, imani ni ile ile, hukumu mbili tofauti, nami naziona zote mbili kuwa za haki. Hospitali ilikuwa na sababu inayotoka ndani ya kazi ya uuguzi. Shirika la ndege lilikuwa na sababu inayotoka katika mapendeleo yake.

Miaka minne baadaye mahakama nyingine ya Ulaya, ile ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg, ikashika njia nyingine. Mpokezi wa wageni wa kampuni ya ulinzi nchini Ubelgiji alifukuzwa kazi mwaka 2006 baada ya kutangaza kuwa ataanza kuvaa hijabu. Katika hukumu ya Machi 2017 mahakama ilisema kampuni binafsi inaweza kukataza alama zote za dini, siasa na falsafa kwa wafanyakazi wanaokutana na wateja, mradi iwakataze wote bila kubagua, kwa lengo la kutoegemea upande wowote. Siku hiyo hiyo mahakama hiyo hiyo iliamua juu ya mhandisi wa programu za kompyuta huko Ufaransa, aliyefukuzwa baada ya mteja kulalamikia mtandio wake, ikasema matakwa ya mteja asiyetaka kuhudumiwa na mwenye hijabu hayawezi kuwa sharti la kazi. Ukiziweka hukumu hizo bega kwa bega utaona shida yake. Mwajiri anayemfukuza mtu leo kwa sababu mteja amenung'unika amekosea. Mwajiri aliyeandika mapema kanuni ya kuzuia manung'uniko hayo hayo, akaiita ya kutoegemea upande, ana nafasi ya kusalimika. Chuki ya mteja iliyofukuzwa mlangoni imekaribishwa dirishani. Julai 2021 mahakama ililegeza kidogo, ikadai mwajiri aonyeshe hitaji la kweli na hasara ambayo angeipata bila kanuni hiyo. Hapo ilikaribia kipimo cha Strasbourg. Lakini Novemba 2023, katika shauri la mtumishi wa halmashauri moja ya Ubelgiji, ikaruhusu ofisi ya umma kukataza alama hizo hata kwa wafanyakazi wasiokutana na wananchi. Sijaona maelezo ya kuridhisha ya namna mtandio wa mtu anayeshughulikia mafaili chumba cha nyuma unavyomfanya raia ahisi amebaguliwa.

Hoja ya ofisi ya umma, hata hivyo, haifai kupuuzwa. Raia anayefika mbele ya hakimu au polisi ana haki ya kuamini kwamba dini yake haitapimwa. Ila kinachompa imani hiyo ni matendo ya mtumishi, na sheria ya kumwadhibu akipendelea. Polisi wa London waliruhusu hijabu katika sare mwaka 2001, na wa Scotland wakaifanya sehemu rasmi ya sare mwaka 2016, wakitaka jamii zote zijione ndani ya jeshi lao. Aliyevua kilemba hakuvua imani. Kama ana upendeleo, ameufunika tu, na upendeleo uliofunikwa ni mgumu zaidi kuukamata. Hata jeshi, lenye sababu nzuri kuliko wote za kudai sare moja, limeweza. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilimnyima daktari wa saikolojia wa jeshi la anga, ambaye pia alikuwa rabi, ruhusa ya kuvaa kofia ndogo ya Kiyahudi akiwa kazini. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya kuruhusu mavazi ya kidini nadhifu yasiyozuia kazi. Nidhamu ya jeshi hilo haikuvunjika.

Waajiri wadogo nao huuliza gharama atalipa nani. Swali ni la haki, na jibu lisiwe la kuwatupia kila mzigo. Tangu 1977 mahakama za Marekani zilikuwa zimempa mwajiri njia rahisi mno: gharama ikizidi kiwango kidogo tu, alikuwa huru kukataa. Mwaka 2023, katika kesi ya mfanyakazi wa posta aliyekataa kazi ya Jumapili, majaji wote tisa walikubaliana kwamba mwajiri lazima aonyeshe ongezeko kubwa la gharama kwa kadiri ya biashara yake, na kwamba kinyongo cha wafanyakazi wenzake dhidi ya dini hakihesabiki kuwa gharama. Mtandio wa rangi ya sare hauzidi bei ya shati. Kuna mahali ambapo gharama ni uhai wenyewe. Mwaka 1984 fundi Msingasinga wa kampuni ya mafuta ya Chevron alishindwa kesi yake, kwa sababu barakoa ya kuzuia gesi yenye sumu haibani sawasawa juu ya ndevu. Nasikitika kwa ajili yake, lakini kampuni haikuwa imetunga hatari hiyo, na ilimtafutia kazi nyingine isiyohitaji barakoa. Imani iliyo ya kweli haizuii gesi kupita, na mwajiri asilaumiwe kwa kusema hivyo.

Wapo wanaosema mfanyakazi aseme mwenyewe, kwani mwajiri si mpiga ramli. Ni kweli mfanyakazi anapaswa kusema pale anapojua kanuni inagongana na dini yake. Lakini anayeijua kanuni tangu mwanzo ni mwajiri. Inatosha msaili aseme: hapa hatuvai kitu kichwani tukiwa kazini, je, kuna jambo la kukuzuia kutimiza hilo? Hajauliza dini ya mtu, na amefungua mazungumzo ambayo mwombaji mwenye shida ya kazi mara nyingi huogopa kuyafungua.

Kwetu sheria imeshaelekea upande huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 32, inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani au dini yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa dini, na inamwachia mwajiri nafasi ya kutofautisha watu pale ambapo sifa ya lazima ya kazi inadai hivyo. Sifa ya lazima ya kazi ni jambo la kuonyeshwa kwa ushahidi: mashine inayoweza kunasa kitambaa, wodi, jiko la kiwanda cha chakula, mtungi wa gesi. Benki au hoteli inayokataza hijabu kaunta, au msalaba, au kilemba, iulizwe kwa maandishi ni sababu ipi kati ya hizo iliyo nayo, na jibu lake liwekwe kwenye faili pamoja na kanuni yenyewe.