Mdudu wa magome, adui aliyejificha katika shamba la misindano

MKULIMA anayepanda misindano, miti ambayo wengi huiita paina, huzika fedha zake ardhini kwa miaka 12, 15 au zaidi kabla ya kupasua mbao. Muda wote huo huogopa moto. Ni wachache wanaomfikiria mdudu mwenye ukubwa wa punje ya mchele anayeishi chini ya gome.

Yaliyotokea nchini Kanada yanatisha. Katika jimbo la British Columbia, mlipuko wa wadudu wa magome ulioanza miaka ya 1990 ulienea katika zaidi ya hekta milioni 18 na kuua zaidi ya nusu ya misindano iliyofaa kuvunwa. Viwanda kadhaa vya mbao vilifungwa kwa kukosa magogo.

Mdudu yule ni wa Amerika Kaskazini, lakini jamaa zake wako Afrika. Afrika Kusini wanao wa aina tatu waliotoka Ulaya na ukanda wa Mediterania, na aina ya mwisho kuonekana huko ilikuwa mwaka 1968. Nchi hiyo hupanda sana aina ya patula, ileile iliyojaa Mufindi na Njombe. Kwa hiyo mkulima wa huku ana sababu ya kuzijua dalili zake.

Mdudu mzima ni mweusi au kahawia, mwenye mbawa ngumu, na wale wa Afrika Kusini wengi wao wana urefu wa milimita 3 hadi 6. Hutoboa gome na kuchimba njia ndani yake, kisha hutaga mayai humo. Viluwiluwi vyeupe visivyo na miguu huendeleza uchimbaji. Sehemu hiyo ya ndani ya gome ndiyo inayopitisha chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Ikikatwa kuzunguka shina, mti hauna maisha tena. Aidha, wadudu hao hubeba kuvu anayeziba njia za maji.

Mti wenye afya hujitetea kwa utomvu, humzamisha mdudu kabla hajaingia. Ndiyo maana ukiona vidonge vya utomvu vilivyochanganyika na unga wa mbao kwenye shina, ujue vita vimeanza. Mti uliokaukiwa hauna utomvu wa kutosha, hivyo utaona unga wa kahawia tu katika nyufa za gome na chini ya shina. Kigong'ota akishinda anadonoa mti mmoja, naye anakuambia kitu. Bandua kipande cha gome kwa panga uangalie kama kuna njia zilizochimbwa.

Usichanganye wadudu hawa na vidukari vyenye sufu nyeupe vinavyoonekana kwenye matawi ya misindano Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960. Hao hufyonza utomvu, hawachimbi gome.

Kosa linalowagharimu wengi ni kusubiri majani yawe mekundu. Yakifika hapo, mara nyingi wadudu wameshatoka na kuhamia mti wa jirani. Mti wa kukata ni ule ulioshambuliwa ukiwa bado kijani. Uangushe, utoe shambani au uumenye gome lote, na gome hilo lichomwe mahali salama.

Dawa ya kupulizia haimfikii mdudu aliyekwisha kuingia. Husaidia tu ikipakwa kwenye gome kabla hajafika, na kwa shamba zima la mkulima mdogo gharama yake haina maana. Fedha hizo ni afadhali zitumike kupunguzia miti kwa wakati, maana miti iliyosongamana hugombea maji na hudhoofika pamoja.

Moto ukipita shambani, usiache miti iliyoungua nusunusu ikisimama kwa miezi mingi. Wadudu hawa huipenda, na wakishazaliana humo huongezeka mno. Magogo yenye gome nayo yasilazwe karibu na miti hai.

Kuna aina moja inayozaliana kwenye visiki vibichi na mizizi yake, kisha hutafuna gome la miche iliyopandwa hapo karibu. Mkulima akivuna leo na kupanda wiki ijayo, anawalisha. Awape nafasi ya miezi kadhaa wadudu watoke na kuondoka.

Kwa wafanyabiashara wa mbao, kuvu huyo huacha rangi ya bluu. Mbao haipotezi nguvu kwa kiasi kikubwa, lakini mnunuzi huikwepa au hushusha bei. Wakanada walijaribu kuiuza kwa jina la kuifananisha na kitambaa cha jinzi. Huku, njia ya uhakika ni kupasua gogo na kuanika mbao mapema.

Wanaoagiza bidhaa nje wachunguze makreti na paleti za mbao. Kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002 inataka mbao hizo zipashwe joto hadi nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kisha zigongwe muhuri. Paleti isiyo na muhuri na yenye mabaki ya gome isipelekwe karibu na shamba la misindano, hata kama umepewa bure kwa kuni.