Karibu Kabla ya "Nani?"

Sogeeni hapa, wanangu. Na wewe uliyekaa kule mwisho sogea, mkeka ni mpana.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na mlango wa mbao uliopinda kwa mvua za miaka mingi, na mchana kutwa ulikuwa wazi. Bibi mwenyewe alikaa nyuma, uani, akipepeta mchele au akipukuchua mahindi, mgongo wake ukielekea mlangoni. Mtu akipiga hodi, bibi hakugeuka kwanza amtazame. Alijibu papo hapo, kwa sauti ya kufika barabarani: "Karibu!" Ndipo akajifuta mikono kwenye kanga na kwenda kuona amekuja nani. Pengine ni muuza chumvi, pengine ni shemeji, pengine ni mtu aliyepotea njia. Vyovyote vile, neno lilikwisha kutoka, na bibi hakuwa mtu wa kurudisha neno.

Siku hizi, ukigonga geti mjini, sauti ya ndani inauliza: "Nani?" Kisha: "Unamtaka nani?" Karibu inakuja mwisho, ikija. Najua sababu zake. Wezi wapo, na nyinyi mkiwa peke yenu nyumbani msimfungulie mtu msiyemjua. Mwiteni mkubwa, au jirani. Komeo la mlango si kazi ya mtoto. Ninachotaka mkione ni kimoja: lugha yetu yenyewe imeweka karibu mbele ya nani. Na neno lenyewe litazameni vizuri. Karibu ni kinyume cha mbali. Ukimwambia mtu karibu, unamwambia aache kuwa mbali.

Ukarimu wa Kikristo umejengwa juu ya mpangilio huohuo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Yesu anaeleza siku ya hukumu, naye anajihesabu miongoni mwa wageni: anayempokea mgeni amempokea yeye. Angalieni wale wanaosifiwa wanavyoshangaa. Wanauliza ni lini walimwona akiwa mgeni. Hawakujua! Hawakumkaribisha kwa sababu walimtambua. Walimkaribisha mtu tu, mwenye njaa na vumbi la safari, na kumbe mtu huyo alikuwa yeye.

Ibrahimu naye hakujua. Kitabu cha Mwanzo kinatueleza kwamba alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake, kwenye mialoni ya Mamre, jua likiwa kali, naye ana miaka 99. Akainua macho, akaona watu watatu wamesimama. Mzee wa miaka 99, mchana wa jua la utosi, akaondoka mbio kuwalaki! Akawaahidi kipande cha mkate na maji ya kunawa miguu. Hayo ndiyo aliyoyataja. Kisha akaingia hemani kwa haraka, akamwambia Sara akande vipimo vitatu vya unga mzuri, unga wa kulisha ukoo mzima. Akakimbia tena, safari hii kundini, akachagua ndama laini. Akaleta na siagi na maziwa. Walipokuwa wakila, yeye hakuketi, alisimama karibu nao chini ya mti.

Kinywani kipande cha mkate, mezani ndama mzima. Mwenyeji mwema hamtangazii mgeni gharama zake. Na ni baada ya kula ndipo wale wageni walipotoa habari waliyokuja nayo, kwamba Sara, aliyekuwa amekwisha kukata tamaa ya kupata mtoto, atazaa mwana. Wazee wetu wana usemi wa jambo hili: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Karne nyingi baadaye, huko Italia, mtawa aliyeitwa Benedikto aliandika kanuni ya maisha ya wamonaki. Mlangoni pa monasteri aliweka mzee mwenye busara, na akaagiza kwamba mtu akibisha, au maskini akiita, mzee huyo ajibu mara moja kwa kumshukuru Mungu au kwa kuomba baraka. Amshukuru Mungu kwanza, ndipo afungue aone ni nani. Wamonaki wa Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania, wanaishi kwa kanuni hiyo hadi leo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hadithi ninayoipenda kuliko zote ndiyo hii.

Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani chini ya Hitler yaliishinda Ufaransa. Kila yalipofika, Wayahudi waliwindwa kwa sababu moja tu, ya kuzaliwa Wayahudi. Katika milima ya kusini mwa Ufaransa kuna kijiji kiitwacho Le Chambon-sur-Lignon. Wengi wa wenyeji wake walikuwa Waprotestanti, na babu zao wa zamani nao waliwahi kuwindwa na wafalme kwa ajili ya imani yao. Mchungaji wao aliitwa André Trocmé, na mkewe Magda.

Jioni moja ya majira ya baridi Magda alikuwa jikoni akitia kuni kwenye jiko. Mlango ukabishwa. Alipofungua akamwona mwanamke amejaa theluji, anatetemeka. Ni Myahudi kutoka Ujerumani, amekimbia, amesikia kwamba kijiji hiki huenda kikampokea. Akauliza kama anaweza kuingia. Magda akamwambia aingie, bila shaka aingie. Akamketisha karibu na moto, akampa chakula, akachukua viatu vyake vilivyolowa akaviweka jikoni vikauke.

Kisha Magda akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwema angelifanya: akaenda kwa meya kumwombea mgeni wake karatasi za kuishi pale. Meya akakasirika. Akamwambia kwamba anahatarisha kijiji kizima kwa ajili ya mgeni mmoja, na kwamba mwanamke yule aondoke. Magda akarudi nyumbani na habari hiyo nzito, na alipofika jikoni akakuta viatu vya mgeni vimeungua.

Fikirini hali hiyo, wanangu. Nje ni theluji. Viatu ni adimu kwa sababu ya vita, na mgeni ambaye hana nchi sasa hana hata viatu. Magda alitoka tena akatafuta viatu vingine. Mwanamke yule alipelekwa mahali pengine, lakini Magda alikuwa amejifunza kitu. Wengine walipobisha baada yake, na walikuwa wengi, hakwenda tena kuomba ruhusa ya kuwapokea.

Kijiji chote kikafanya vivyo hivyo, pamoja na mashamba ya jirani. Watu wanaokadiriwa kufika 5,000 walipata hifadhi katika eneo lile wakati wa vita, na wengi wao walikuwa Wayahudi. Walilala darini, ghalani na kwenye mabweni ya shule. Bei yake ililipwa. Daniel Trocmé, ndugu wa ukoo wa mchungaji, aliyekuwa akiwalea vijana wakimbizi, alikamatwa pamoja na wanafunzi wake mwaka 1943, na mwaka uliofuata akafia katika kambi ya Majdanek, nchini Poland.

Mchungaji mwenyewe alikamatwa Februari 1943, akaachiwa wiki kadhaa baadaye. Polisi walipokuja kumchukua ilikuwa saa ya chakula cha jioni. Magda akawakaribisha mezani. Ndiyo, hao hao waliokuja kumtwaa mumewe! Baadaye watu walimwuliza aliwezaje, naye akaona swali lenyewe ni la ajabu: chakula kilikuwa tayari, na watu walikuwa wamefika wakati wa kula.

Bibi yangu hakuwahi kusikia habari za Magda, ila nina hakika wangeelewana.

Nina sababu ya kusema hivyo. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Siku hiyo tulichinja kuku, jambo ambalo halikutokea kila wiki, na mimi niliahidiwa firigisi. Nilikuwa nimeingoja tangu asubuhi. Mara tukasikia hodi, na kama kawaida bibi akajibu kabla ya kugeuka. Akaingia mwanamume mmoja aliyekuwa akipita kwenda mbali, hakuna aliyemjua. Alipewa kiti, akapewa pole ya safari, na chakula kilipoiva firigisi yangu nikaiona juu ya sahani yake. Nikanuna, uso ukanivimba. Bibi hakunigombeza. Alinipa jagi na beseni, akasema: "Mnawishe mgeni mikono."

Nikapiga goti, nikamimina. Maji yaliingia katika beseni yakiwa mekundu kwa vumbi la barabara. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na si kwa uzee, maana hakuwa mzee. Alikuwa na njaa. Baadaye alisema hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake. Mkiwa mbali na mtu mnaona anakula nyama yenu. Mkisogea mpaka kwenye mikono yake mnaona kingine. Ndiyo maana siku zote nawaambia wazazi: kazi ya kumnawisha mgeni msimnyang'anye mtoto.

Na msidhani mgeni ni yule tu aliyetoka safari. Yupo mwanafunzi aliyehamia darasani kwenu katikati ya muhula, anayekula peke yake wakati wa mapumziko kwa sababu kila kundi limekwisha kujaa. Kumwambia "njoo ukae hapa" ni ukarimu kamili, hauhitaji ndama wala unga.

Yupo pia dada wa kazi. Niliwahi kualikwa kwenye nyumba moja ya Wakristo walionipokea kwa moyo mkunjufu. Meza ilijaa pilau, kachumbari na matunda, na sala ya kubariki chakula ilikuwa ndefu na nzuri. Nilipokwenda kunawa nikapita jikoni, nikamkuta binti aliyepika vyote vile amesimama, anakula ukoko kwenye sufuria. Alikuwa na umri wa dada zenu wakubwa, na kwao ni mbali. Katika nyumba ile mgeni wa kweli alikuwa yeye, na hakuna aliyemwambia karibu. Chakula kilinikwama kooni siku ile, nami sikusema kitu, na hadi leo naona nilikosa. Nyinyi mseme. Mtoto akimvutia dada kiti mezani, mzazi gani atakiondoa?

Yesu aliwahi kumwambia aliyemwalika kula kwamba akifanya karamu asiwaite ndugu na majirani matajiri watakaomwalika nao, bali awaite maskini, viwete na vipofu, ambao hawana cha kumrudishia. Agizo hilo liko katika Luka 14, na naona tunalikwepa sana. Tunaalikana kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Ni vizuri, lakini hiyo ni kubadilishana sahani.

Sasa nina ombi moja, kisha mwende mkalale. Makanisani kwetu wageni huombwa kusimama wakati wa matangazo. Wanasimama, wanataja walikotoka, tunawapigia makofi, wanaketi. Ibada ikiisha kila mmoja wetu anakimbilia nyumbani kwake, na wageni wanabaki uani wakitafuta njia ya kutokea. Jumapili hii, watakaposimama, mtazame mmoja amekaa benchi gani. Baada ya baraka usikimbilie mpira. Mfuate kabla hajafika getini, mpe mkono, kisha mpeleke kwa mama au baba yako, uwaambie: "Mgeni huyu hana mtu wa kunywa naye chai."