Tarumbeta Zilizonyamaza

Hapa Moi's Bridge, mji ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Hoey's Bridge, arusi hufuata mahindi. Mavuno yakiisha kuuzwa, kamati huundwa. Mwaka jana nilichaguliwa kuwa mwandishi wa kamati moja, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuuliza bei ya muziki.

Bendi kamili ilitaka nauli, chakula na malazi ya watu kumi na wawili. Kijana mwenye kinanda cha umeme alitaka kiti kimoja cha matatu na chakula cha mchana. Sikusita, nilimwandikia kijana. Baba wa bwana arusi, mzee aliyecheza dansi sana katika ujana wake, aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, huyo mmoja atapuliza kwa midomo mingapi?"

Ama kwa hakika swali lile lilinikaa moyoni. Katika nchi zetu neno "jazz" halikumaanisha hasa muziki wa Wamarekani weusi, bali lilikuwa jina la heshima la bendi ya dansi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Upulizaji wenyewe ulikuwa na asili ya gwaride, kwani tangu mwisho wa karne ya 19 vijana wa pwani waliziiga bendi za askari katika ngoma ya beni. Baadaye zikaja sahani za santuri kutoka Kuba, na vijana wakaiga rumba.

Sahani ndogo ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande. Kwa hiyo kisa kiliimbwa upande wa kwanza. Upande wa pili magitaa yakachangamka, tarumbeta zikajibizana na saksafoni. Ukumbini sehemu hiyo haikuwa na saa. Iliendelea mpaka mashati yakalowa.

Ni nani basi aliyezinyamazisha tarumbeta? Wengi hukilaumu kinanda, nami naona wanakionea. Mwaka 1971 ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliianzisha Simba Wanyika hapa Kenya. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na wimbo wao "Sina Makosa" ulisimama juu ya magitaa na besi. Ni wimbo mtamu, tena bado unapigwa. Hivyo wanamuziki wenyewe walionyesha kwamba dansi yaweza kunoga bila kundi kubwa la wapulizaji. Kisha ikaja kaseti, ambayo kila mwenye mashine mbili aliweza kuinakili dukani mwake, na mpigaji asipate hata senti. Bendi ya watu kumi na wawili italishwa na nani?

Siku ya arusi kijana alifika mapema, amevaa tai. Alipiga vizuri, sina budi kusema kweli, na akina mama walicheza mpaka jioni. Lakini alipobonyeza kitufe cha sauti ya tarumbeta, yule mzee aligeuza shingo haraka kuelekea mlangoni, kutazama ni nani aliyeingia.

Nami nikajitia kusoma karatasi za hesabu.